Fungu la Fifi

Bilonda alishuka kwenye lori la Sandoa akiwa amechoka kiasi cha kuviona hata viatu vyake vinamwonea. Akavivua, akavitia kwapani, akatembea peku mpaka nyumbani.

Alikuwa ametoka kumzika shangazi yake Numbi. Njia ya Sandoa wakati wa mvua si njia, ni adhabu. Lori lilizama kwenye matope, abiria wakashuka wakasukuma, wakapanda, mbele kidogo wakashuka tena. Mumewe Polycarpe, ambaye mgodi ulimrudisha nyumbani na mapafu yaliyokwisha, alikohoa njia nzima mpaka wakaingia Kolwezi. Bilonda alikuwa amemlilia shangazi yake kwa haki, kwa sababu alimpenda. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomkaa kooni, ambalo asingeweza kumwambia mtu bila kuonekana hana utu: kwenye kilio kile waombolezaji walikuwa wengi, na ghala la marehemu lilipikwa lote. Mpunga mwekundu wa Numbi, ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao tena, uliishia kwenye sahani za watu, nao wakasema ni mgumu na umechelewa kuiva.

Sasa mbegu ya mpunga ule ilibaki mahali pamoja tu duniani, kwenye shamba la Bilonda, bondeni, nje kidogo ya barabara inayokwenda Kingamyambo.

Shamba lenyewe lilikuwa limemtesa. Mwaka wa kwanza aliona miche michache inatoa jani la ajabu, la mviringo, jeupejeupe, lenye tundu katikati, kama jani la kitunguu. Hakujali. Mwaka uliofuata vitunguu vilienea, na mwaka jana alivuna majani. Shina lenye kitunguu halizai, limekwisha. Ndani yake amelala mtoto wa mdudu, na mama yake ni kijidudu chekundu kama mbu ambacho ukikiona ukutani jioni huwezi kuamini kwamba kinaweza kumaliza chakula cha watu. Jirani zake walikuwa wameacha mpunga mmoja baada ya mwingine. Mabonde yao yalichukuliwa na watu wa kuosha mawe ya madini, na ukipita huko leo unakuta mashimo na maji mazito, hakuna hata chura.

Watu hao hao walikuwa wameshamfikia Polycarpe. Naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Usiku alimsikia mkewe akigeuka na kuguna kwa sababu ya mgongo, na mchana alimwona akitazama shamba ambalo halikumpa kitu. Wakakubaliana hivi, kwa sauti ya chini, bila ugomvi: msimu huu Bilonda amwonyeshe mbegu moja, moja tu, ambayo mdudu haiwezi. Akiipata, shamba linabaki. Akiikosa, wanawaachia waosha mawe.

Ndipo Bilonda akamfuata Kanku, agronomu, yaani mtaalamu wa kilimo, kijana mpole mwenye pikipiki isiyowaka vizuri. Kanku alimchorea shamba kwenye udongo kwa kijiti. Vitalu vinne: mpunga wa stesheni ya utafiti, mpunga mmoja kutoka Kasai, mpunga mweupe wa sokoni, na kule mwisho, karibu na matete, ule mwekundu wa Numbi. Katikati ya vitalu ipandwe mistari ya mpunga dhaifu kabisa, wa kuwaita wadudu waje kwa wingi. Halafu akampa sharti ambalo mkulima yeyote angelikataa. Asitie dawa. Asing'oe kitunguu hata kimoja. Amwache mdudu ale, ili ionekane ni nani anayeliwa na ni nani anayeachwa. Tena akamweleza kwamba mdudu huyu hupenda mche ukingali unatoa machipukizi. Ukishaanza kubeba mimba, hana habari nao. Kwa hiyo nafasi ya kuona ni moja, ikipita imepita mpaka mwaka mwingine.

Ni kazi ya kuchosha kuliko kulima, kutazama shamba lako likiliwa na wewe umefunga mikono. Wanawake waliopita njiani walimwonea huruma, wengine wakadhani kichwa chake kimeanza kulegea. Bilonda hakuwaeleza. Mwaka jana alieleza mambo ya mpunga mpaka mdomo ukachoka, na hakuna aliyemsikiliza. Alimwambia mumewe, na alimwambia Fifi, mke wa mwanawe Dady, basi.

Habari za kilio zilipofika, vitunguu vilikuwa vimeanza tu kuchomoza kwenye ile mistari ya kuwaita wadudu. Bilonda aliondoka na moyo wake ukabaki bondeni.

Aliporudi hakupumzika hata kidogo. Aliteremka shambani na miguu ile ile yenye matope ya Sandoa, akasimama kwenye tuta. Shamba lilikuwa safi, safi kabisa. Hapakuwa na jani moja jeupe. Mpunga wote, hata ule dhaifu, ulisimama kijani na nadhifu kama watoto waliooshwa kwa ajili ya misa. Pembeni palikuwa na doa jeusi la moto, na harufu ya dawa ilikuwa bado inanukia chini ya majani.

Alijua mara moja. Akakaa chini.

Kina mama wa jumuiya yake ya kanisa wana desturi yao. Mmoja akifiwa, wenzake hufanya salongo kwake, wote kwa pamoja, akirudi akute kazi yake imekwisha. Kila mama hupewa kipande chake, na mwisho wa kazi kila mmoja hubeba fungu la magugu aliyong'oa, akalipitisha mbele ya mama prezidenti na kulitupa motoni huku wakiimba. Hakuna anayekwenda kwenye moto mikono mitupu. Ni aibu ambayo mtu hukumbushwa hata kwenye harusi ya mjukuu wake.

Simone, mama prezidenti, alikuja jioni ile ile na wenzake wawili, wamebeba sufuria ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa. Uso wake uliwaka kwa furaha ya mtu aliyetenda wema na anangoja kuambiwa.

"Tulisema, Bilonda eko kwa kilio, na shamba yake inakufa na bitunguu," alisema. "Tukaenda bote. Tulingoa yote, hata moja haikubakia. Huguette alileta na pompe ya dawa."

Bilonda alishukuru. Ungefanya nini? Watu wameinama kwenye maji tangu asubuhi kwa ajili yako, wamekupikia, wamekuombea marehemu wako. Alishukuru kwa maneno yote aliyokuwa nayo, na kila neno lilitoka kama anavuta ndoo kwenye kisima kirefu. Halafu akauliza, polepole, kama mtu anayeuliza ili mazungumzo yaendelee tu, kama vitunguu vilikuwa sehemu zote. Hata kule mwisho, kwenye matete?

Simone akacheka. Kule walimpeleka Fifi peke yake, alisema, asije akawaambukiza wengine uvivu.

"Na kule bilikuwa," alisema. "Hata Fifi wako, ule wa kulala, alileta fungu yake. Kubwa. Tulishangaa siye bote."

Basi. Kitalu cha Numbi nacho kilikuwa na vitunguu, fungu zima, tena kubwa. Bilonda aliitikia, akawasindikiza mpaka njiani, akarudi akakaa kwenye kibao chake bila kuwasha taa.

Hapa ni lazima nimseme Bilonda kidogo, maana mtu mwema naye ana ulimi. Fifi ni binti wa Wakasai waliozaliwa hapa hapa Kolwezi, na babu yake aliletwa kuchimba kabla hata ya baba yake Bilonda. Dady alimwoa bila kuuliza sana, akamleta kwa mama yake, kisha akaenda Fungurume kutengeneza malori. Msichana hakuwa na maneno mengi. Alifanya kazi zake zote, ila kila kazi aliianza kwa kukaa kwanza, akaitazama, ndipo akaishika. Bukari, yaani ugali, ya nyumba ile ililiwa wakati majirani wameshaosha vyombo. Bilonda alilisema jambo hilo kisimani, akalisema baada ya misa, akalisema kwa kuigiza, na watu wakacheka sana kwa sababu anajua kuigiza. Ikawa ukitaja Fifi mtaani watu wanatabasamu kabla hujamaliza.

Kesho yake alimpigia simu Kanku. Kijana akasema kwa upole kwamba jaribio limekufa. Dawa imeua wadudu, na mpunga uko karibu kubeba mimba. Kama kila kitalu kilitoa fungu lake, alisema, basi afadhali wakubali tu kwamba hakuna hata mmoja uliostahimili. Bilonda alimwambia asante.

Hata hivyo alirudi bondeni, akapita shina kwa shina, mkono kwenye kiuno. Alitafuta makovu pale vilipong'olewa. Mvua ilikuwa imeziba kila kitu kwa matope. Mashina ya mpunga wa sokoni yalikuwa membamba, na ya Numbi yalikuwa manene, lakini mpunga wa Numbi ni mnene kwa asili, hilo halisemi kitu. Alijiona mjinga, mwanamke mzima anayepapasa matope akitafuta kitu ambacho wenzake wamekwisha kukichoma.

Jioni Polycarpe alimkuta akiosha miguu.

"Nilikuomba mbegu moja tu, mama Dady," alisema.

"Najua."

"Mi minachoka. Na weye unachoka. Tuache." Akakohoa, akangoja kifua kitulie. Kisha akaeleza kwamba bwana wa waosha mawe atakuja siku ya soko, na yeye atamwambia ndiyo. Hakukasirika. Angekasirika, Bilonda angepata wa kugombana naye, na huenda angepata nguvu kidogo. Kilichomuuma ni ile sauti ya upole.

Siku iliyofuata alikwenda kwa Huguette kurudisha sufuria ya sombe. Huguette ni mama mwenye mikono ya kazi na moyo wa kulalamika. Alimkaribisha, akalalamikia mvua, akalalamikia bei ya mkaa, mwishowe akafika kwenye salongo. Alisema ameanza kuzeeka vibaya. Yeye alipewa nusu ya mpunga wa sokoni, ile nusu inayopakana na kitalu cha mwisho. Aling'oa mpaka kucha zikauma, akalundika nyuma yake kwenye tuta. Lakini alipogeuka kubeba fungu lake kwenda motoni, lilikuwa dogo kama la mtoto. Simone alimtazama, akatazama fungu, hakusema kitu, na huko kutokusema ndiko kulikomuuma.

"Nilitumika kazi sana, Bilonda," alisema. "Sijue bilienda wapi."

Bilonda alimpa pole, akasema labda maji yalivichukua. Alikuwa amekwisha kufika nusu ya njia ya nyumbani aliposimama ghafla katikati ya barabara, na mwenye baiskeli akamtukana.

Fungu la Huguette lilikuwa dogo. Fungu la Fifi lilikuwa kubwa. Tuta moja tu liliwatenganisha.

Kwa mara ya kwanza tangu mkwe wake aingie nyumbani, Bilonda alimwomba Mungu, kwa moyo wote, kwamba msichana yule awe kweli mvivu.

Alimkuta uani akichambua majani ya viazi, amekaa, bila shaka. Akamuuliza siku ile ya salongo aling'oa vingapi kule mwisho. Mikono ya Fifi ilisimama.

"Bingi, mama."

"Kama benzako?"

"Kupita benzangu."

Bilonda akasema hakuja kumgombeza. Akamweleza tena yale aliyoeleza Kanku, mbegu ya shangazi, vitalu, kila kitu, na kwamba kama hapakuwa na kitunguu ilikuwa habari njema, njema kabisa. Fifi alisikiliza akiwa ameinamisha macho, kama mtu anayetazama mtego na kutafuta kamba yake iko wapi. Alipomaliza, Fifi alisema tena, taratibu, kwamba alifanya kazi kama wengine na kwamba mama Simone mwenyewe aliliona fungu lake.

Hapo Bilonda alielewa anazungumza na nani. Anazungumza na mtu ambaye amejenga heshima yake yote ya mtaani juu ya fungu moja la majani, kwa sababu hakuachiwa kitu kingine cha kuijengea. Na aliyemnyang'anya alikuwa nani, kama si yeye?

Alimwambia wateremke shambani wote wawili. Kufika kwenye kitalu cha mwisho Bilonda alitaka kuanza tena kueleza, lakini akaacha. Akakaa kwenye tuta lenye maji, na nguo yake ikalowa.

"Siku ya soko Tata Polycarpe atawapa benye kuosha mawe hii shamba," alisema. "Kama ulingoa, basi. Mi minachoka, Fifi. Sikuulize tena."

Alisema kweli. Hakuwa anamtega, hakuwa hata anamwomba. Alitazama tu ule mpunga mwekundu wa marehemu, na machozi yakateremka yenyewe bila yeye kuyafuta.

Fifi akakaa naye kwenye maji yale.

"Mi niliikala, mama," alisema.

Bilonda hakugeuka. Aliogopa akigeuka neno lile litarudi lilikotoka.

Alikaa tangu asubuhi, Fifi alieleza. Kwanza alipita kitalu chote, shina kwa shina, mara ya kwanza na mara ya pili, maana aliogopa wasije wakasema hakuona. Hapakuwa na kitu cha kung'oa. Akakaa kwenye tuta nyuma ya matete. Aliposikia wameanza kuimba na wanabeba, hofu ikamshika. Angepitaje mbele ya Simone mikono mitupu, yeye, Fifi? Huguette alikuwa ameinama amempa mgongo, na lundo lake liko hapo karibu. Akachota kikumbatio kimoja, akaona hakitoshi, akachota kingine.

"Lakini ju ya nini hukubaambia baache shamba?" Bilonda aliuliza. "Weye ulijua."

"Nilibaambia. Nilisema, mama alikataza, tusiguse." Fifi alikuwa anachezea jani kwenye maji. "Bakacheka. Bakasema, leo uvivu yake inapata na sababu. Banajua vile niko, mama. Ni weye ulibaambia."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anavyotaja jina la mtaa wake. Bilonda alijisikia vibaya kuliko siku ya maziko. Kumbe si Simone aliyeharibu jaribio lake, wala si Huguette na bomba lake la dawa. Palikuwa na mlinzi shambani, alisimama mahali pake na kusema alichotakiwa kusema, na maneno yake yalikuwa yamekwisha kuliwa zamani, kisimani, kwenye kicheko.

Alitafuta la kusema, akakuta liko moja tu, nalo ni fupi. Alisema alimkosea. Fifi akaitikia kwa kichwa. Wakakaa hapo mpaka baridi ya maji ikawainua.

Polycarpe alikuwa barazani. Bilonda alimwambia habari yote, kisha akamwita Fifi aje aseme mwenyewe. Lilikuwa jambo gumu. Mke wa mtoto hasimami hivi hivi mbele ya baba mkwe akazungumza, sembuse kuzungumza jambo kama hilo. Fifi alipiga magoti kidogo kwa heshima, akatazama sakafu, akasema. Kwamba alikaa asubuhi nzima. Kwamba fungu lilikuwa la mama Huguette.

Polycarpe alisikiliza, kifua kikipiga filimbi. Fifi alipokwisha kwenda jikoni, akamgeukia mkewe.

"Na kama anadanganya, ju ya kukufurahisha?"

"Tata Dady, mwanamuke gani atajisingizia uvivu na wizi mbele ya mukwe wake?"

Mzee akalifikiria hilo. Alilifikiria kwa haki, maana ndivyo alivyo, hata akichoka. Aliuliza Kanku anasemaje. Bilonda alikuwa ameshampigia: Kanku alisema kwake yeye msimu mmoja hautoshi, na neno la mtu mmoja halitoshi, lakini kama ni mbegu ya kurudia mwaka ujao, ni hiyo, na isiliwe hata punje yake moja.

"Basi turudie," Polycarpe alisema. Hakutabasamu. Alisema kwamba siku ya soko atamwambia yule bwana atafute bonde lingine, kisha akaegemeza kichwa ukutani na kufumba macho.

Bilonda alidhani atafurahi. Furaha ilikuwepo, aliihisi mahali fulani chini kabisa, lakini juu yake palikuwa na mwaka mzima mwingine wa maji baridi na mgongo, wa kupanda mistari ya kuliwa, wa kufunga mikono. Safari hii atawaeleza kina mama wote kabla, hata mdomo ukichoka. Na atamwendea Huguette kumwambia kwamba hajazeeka. Na kisimani atakwenda pia, kusema lile jingine, kwamba alimkosea Fifi, na hilo hataliigiza. Yote kesho. Leo hakuweza hata kuinuka kwenye kibao.

Giza lilianza kuingia. Kutoka kwa majirani ilisikika milio ya vyombo vikioshwa. Jikoni kwake maji hayajachemka. Kupitia mlango aliweza kumwona Fifi amekaa mbele ya mbabula ya mkaa, anautazama unga kwanza.

Simone alipita njiani na taa ya simu, akasimama kwenye ua.

"Bado hamujakula?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuanza kucheka, inangoja tu kuchokozwa kidogo.

Njaa ilikuwa inamkata Bilonda tumbo.

"Tunangojea," alijibu. "Hatuna haraka."